Barua kwa mwanangu aliyetolewa tezi dume

Mwanangu,

Dada yako ndiye aliyenipa habari. Wewe ulingoja ushatolewa tezi dume kwa ajili ya saratani ndipo ukanipigia: "Ni upasuaji mdogo tu, mama." Haya, yamepita, umetoka salama. Lakini juzi kwenye simu ulikuwa unahema, nilipobana ukakiri unasogeza kabati. Kabati, na mpira wa mkojo ungali mwilini!

Najua ulichokiona kwenye kioo: matundu matano sita tumboni yasiyofika upana wa kidole, na lile kubwa kidogo karibu na kitovu walikopitishia tezi. Baba yako walimchana kuanzia kitovuni kwenda chini, maumivu yenyewe yakamlaza. Wewe huumwi sana, basi hakuna wa kukulaza. Ndani ni kulekule: wametoa tezi, wakakishona kibofu na njia ya mkojo. Huo mshono ndio unaolindwa na mpira. Usiuvute, na mfuko ukae chini ya kibofu, hata ukilala.

Usibebe kizito mpaka daktari akuruhusu, na wengi huambiwa wiki nne hadi sita. Mtoto akitaka kubebwa, keti, apande mapajani mwenyewe. Tembea ndani ya nyumba, damu isigande miguuni. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikubana, nenda hospitali saa hiyohiyo. Bega likiuma siku za mwanzo usishtuke, ni ile gesi waliyokujaza tumboni wakati wa upasuaji. Kunywa maji, choo kikiwa kigumu usijikamue, omba dawa ya kulainisha.

Mpira ukitolewa utavuja, ukikohoa, ukicheka, ukiinuka. Ni wiki, pengine miezi. Vaa pedi, fanya mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga kama ulivyoelekezwa. Baba yako alijifungia chumbani, nasi tukasema ana hasira, tukamwacha. Mkeo asifanye tulivyofanya sisi. Mambo yenu ya ndani si yangu kuyasema, ila mishipa ya fahamu ya mambo hayo hupita ubavuni mwa tezi na huchelewa kupona, hata mwaka, hata miwili. Muulize daktari, usinyamaze.

Kwa kupima nakusifu, hukungoja dalili. Sasa mhimize mdogo wako. Mwenye baba aliyeugua saratani hii hatari yake ni kama maradufu, na yeye ana baba na kaka. Mimi hanisikii. Nawe ukiitwa kupimwa tena PSA, ile protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu, nenda. Tezi ikishatoka, PSA inatakiwa isionekane kabisa kwenye damu.

Huku bati la jikoni linavuja tena, na mlango wa nyuma umevimba haufungi. Fundi kaahidi Jumamosi. Nakwambia mapema kwa sababu nakujua: usije na ngazi yako. Ukisikia simwoni fundi, nitaweka beseni.

Mama yako