Barua ya Wazi kwa Waziri wa Uchukuzi: Safari Yetu ya Treni Inaanzia Malindi

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam alaykum.

Mimi ni mkaazi wa Bububu, Unguja. Kusi iliyopita nilimpeleka mama yangu Dodoma kwa matibabu. Tiketi za treni nilizilipia kwa simu siku mbili kabla, tukapanda boti ya asubuhi pale Malindi, bandarini Unguja. Njiani bahari ikachafuka, tukafika Dar es Salaam tumeshachelewa. Nikiwa bado namtafutia mama hamali wa mizigo, treni ikaondoka. Nikanunua tiketi nyengine, ya jioni. Mama, ambaye goti limemvimba, alishinda kwenye kiti akisubiri, na aliponiambia "mwanangu, turudi nyumbani" sikuwa na la kumjibu.

Simlaumu nahodha wala mtu wa stesheni. Bahari ikiwa mbaya lazima mwendo upunguzwe, na sisi abiria ndivyo tunavyotaka. Ninachokuomba ni kwamba safari ya mtu wa visiwani ihesabiwe tangu anapoingia botini.

Treni ya umeme tunaipenda sana. Tangu Julai 2024 ilipoanza kwenda Dodoma, safari iliyokuwa ikila siku nzima kwa basi imekuwa ya saa tatu na kitu. Stesheni ya Magufuli, inapoanzia treni hiyo Dar es Salaam, haiko mbali na gati ya boti. Mwenye miguu mizima na begi dogo anafika kwa miguu. Lakini wangapi kati yetu husafiri na begi dogo? Mtu wa Pemba ameshavuka bahari mara ya kwanza kuja Unguja, ana watoto na ndoo ya vitu vya kuwapelekea jamaa. Akishuka pale anaanza kupatana bei na bajaji, juani, huku saa inakwenda.

Naomba, Mheshimiwa, wenye boti na wenye reli wakae meza moja. Iwepo tiketi moja ya boti na treni, na boti ikichelewa abiria ahamishiwe treni inayofuata bila ya kulipa tena. Kwangu hilo ndilo kubwa kuliko yote. Pia liwepo gari la kuchukua wazee, wagonjwa na mizigo kutoka gatini hadi stesheni, na dirisha la tiketi za treni hapa Malindi, maana si kila mzee anajua kukata tiketi kwa simu. Wanaokwenda Mbeya nao wasisahauliwe: stesheni ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, iko mbali na gati, na hakuna anayewaelekeza.

Jambo hili si geni kwetu. Reli iliyojengwa Unguja mwaka 1905 ilianzia mjini karibu na Ngome Kongwe, hatua chache kutoka baharini, ikaenda maili saba hadi hapa Bububu. Abiria wa meli zilizotia nanga mjini walikuwa wakiipanda kwenda kuona shamba, kisha wakarudi melini kwao. Zaidi ya miaka mia iliyopita, kwa treni ndogo ya moshi, chombo cha baharini na gari la reli vilikuwa vikijuana.

Mama ana miadi nyengine ya daktari Dodoma. Tutapanda boti ya asubuhi kama kawaida, na safari hii nimekata tiketi ya treni ya jioni tangu mwanzo, ili asihangaike. Ningefurahi kama mara ya tatu nisingelazimika kufanya hivyo.

Wako mtiifu,
Mkaazi wa Bububu, Unguja