Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: fangasi wa damu watambuliwe kwa jina kamili

Mheshimiwa Waziri,

Nafanya kazi maabara katika hospitali ya kaunti hapa Kenya. Nakuandikia kuhusu fangasi wa jamii ya hamira wanaoingia kwenye damu ya wagonjwa waliolazwa, hasa walio mahututi na watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Chupa ya damu ikiota, tunawaona kwenye hadubini, na mara nyingi ripoti inarudi wodini ikisema ni Candida, basi, bila kutaja ni aina gani. Daktari anaandika flukonazoli, dawa ya fangasi, kwa kuwa ndiyo iliyopo.

Candida albicans kwa kawaida huisikia dawa hiyo. Candida krusei haisikii kwa asili yake. Candida auris mara nyingi haisikii pia, tena hung'ang'ania ngozi, reli za kitanda na mashine ya presha, akahamia kwa mgonjwa wa jirani. Alielezwa mara ya kwanza Japani mwaka 2009, lakini kwetu si mgeni: uchunguzi wa miaka ya 2010 hadi 2016 katika hospitali moja ya Nairobi ulimkuta kwa zaidi ya thuluthi ya wagonjwa waliokuwa na Candida kwenye damu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilimweka katika kundi la fangasi hatari zaidi.

Kipimo tunachokimudu ni kuchanganya koloni (kundi la fangasi walioota) na seramu, yaani majimaji ya damu, kidogo, kuiweka kwenye nyuzi 37 kwa saa mbili au tatu, kisha kutafuta kimrija kinachochomoza kwenye seli bila kubanwa shingoni. Kikionekana, kwa kawaida ni albicans. Kisipoonekana, tumekwama. Hata vibanzi vya kupima ni sukari zipi fangasi anazitumia hupotosha: vinaweza kumwita auris Rhodotorula, hamira wa jamii nyingine, ilhali Rhodotorula huota kwa rangi ya waridi na koloni zilizo mbele yako ni nyeupe. Asiyejua hilo atasaini jina lisilo sahihi, na mgonjwa ndiye atakayelipa.

Naomba mambo mawili. Agari ya rangi (chakula cha kuoteshea fangasi), inayotofautisha albicans, tropicalis (aina nyingine ya Candida) na krusei kwa macho, iwe inaagizwa KEMSA, mamlaka ya serikali ya kusambaza dawa na vifaa vya tiba, kama vitendanishi vingine. Haitoshi kumthibitisha auris, kwa hiyo kila fangasi wa damu asiye albicans apelekwe kwenye maabara yenye mashine ya kusoma protini za vimelea. Usafiri upo: sampuli za kifua kikuu na za wingi wa virusi vya Ukimwi husafirishwa kutoka kaunti kila mara. Sampuli hizi za fangasi zifungwe kwa usalama unaotakiwa, zipande gari hilohilo.

Na majibu yakipatikana, wodi ipigiwe simu siku hiyohiyo. Ikiwa ni auris, mgonjwa anapaswa kutengwa na sabuni ya kawaida ya kusafishia wodi ibadilishwe kwa klorini, na hayo hayawezi kusubiri karatasi ifike.

Wako katika huduma,
Mtaalamu wa maabara, hospitali ya kaunti