Rangi ya kahawia kwenye madirisha ya Baba

Darmstadt, Ujerumani

Baba na Mama,

Shikamooni. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, na baridi ya huku nimeshaizoea. Mama, ada ya Neema nimeshaituma, naomba umhimize asiiache kemia hata kidogo. Nitaeleza kwa nini.

Baba, uliniuliza kwenye simu ninachosomea ni kitu gani hasa, mtandao ukakatika kabla sijajibu. Nimeona bora niandike: nasomea kutengeneza nyaya za metali nyembamba mno, na jibu lenyewe liko hapo Moshi, kwenye karakana yako ya madirisha Majengo, limeegemezwa ukutani.

Chukua profaili ya kahawia, kile kipande kirefu cha alumini cha fremu za madirisha. Usichukue ile ya kupakwa poda, ambayo rangi yake huweza kubanduka. Chukua ile ambayo hata ukiisugua rangi haitoki. Hiyo haikupakwa kitu. Kiwandani waliizamisha alumini kwenye asidi ya salfa, wakaiunganisha na upande chanya wa umeme, nayo ikajiotesha utando wa oksidi yake yenyewe, yaani alumini iliyoungana na oksijeni. Utando huo umejaa vitundu vilivyosimama wima, upana wa kila kimoja ni kama nanomita 10 hadi 20. Milimita moja ina nanomita milioni moja, kwa hiyo jicho haliwezi kuviona kabisa. Baada ya hapo profaili ikahamishiwa kwenye maji yenye chumvi ya madini ya bati, umeme ukapitishwa tena, na chembe za bati zikatua chini ya vitundu. Rangi ya kahawia unayoiona ni metali iliyokaa humo ndani ikimeza mwanga. Ikiachwa muda mrefu zaidi, inakuwa nyeusi. Mwisho vitundu huzibwa kwa maji ya moto. Miaka yote hiyo umekuwa ukikata kwa msumeno kitu ambacho mimi nimekifuata Ulaya!

Tofauti ni kwamba mimi sihitaji rangi. Nataka vitundu vijae metali kuanzia chini hadi juu, kisha niuyeyushe utando, nibaki na nyaya peke yake. Waya wa nanomita 50 ni mwembamba kuliko unywele zaidi ya mara elfu moja. Hakuna koleo wala mashine ya kuvuta waya inayoweza kufika huko. Inabidi waya uoteshwe ndani ya kalibu, yaani huo utando wenye vitundu, na ubora wake wote unaamuliwa na kalibu hiyo.

Vitundu vya madirisha vimekaa ovyo ovyo. Mwaka 1995 Wajapani wawili, Hideki Masuda na Kenji Fukuda, walionyesha namna ya kuvipanga. Walitumia asidi oksaliki na umeme wa volti 40. Waligundua kuwa vitundu huanza vikiwa vimevurugika, lakini kadiri vinavyozama ndivyo vinavyojipanga vyenyewe. Mwaka uliofuata Masuda na mwenzake mwingine, Satoh, wakauacha utando ukue muda mrefu, halafu wakauondoa wote. Kwenye alumini yakabaki mabonde madogo yaliyojipanga vizuri. Wakaanza upya, na safari hii kila kitundu kikaota kwenye bonde lake, kila kimoja kikizungukwa na sita, nanomita 100 hivi kutoka katikati ya kimoja hadi katikati ya kingine. Kazi ya saa nyingi inatupwa ili ibaki alama yake tu. Nauheshimu sana uamuzi ule.

Sisi tukishapata kalibu tunaondoa alumini iliyobaki, tunafungua vitundu upande wa chini na kuupaka upande mmoja dhahabu nyembamba. Dhahabu ndiyo inayobeba umeme hasi. Tunaizamisha kalibu kwenye maji ya chumvi ya nikeli, na nikeli inajijenga kidogo kidogo kutoka chini. Hatuwezi kuchungulia ndani, kwa hiyo tunasoma mkondo wa umeme. Mwanzoni unashuka, kisha unatulia muda mrefu, halafu ghafla unapanda. Kupanda huko maana yake metali imefika juu na kuanza kutandaa nje. Hapo unazima haraka.

Kuyeyusha kalibu tunatumia kostiki soda, ileile ya watengeneza sabuni. Baba, unakumbuka unavyowagombeza vijana wafute saruji mbichi kwenye fremu kabla haijaacha madoa? Ni jambo lilelile: saruji mbichi ina ukali wa aina hiyo, na inaula utando.

Tunachokichunguza baadaye ni tabia za nyaya hizo. Katika shaba, elektroni, yaani chembe zinazobeba umeme, husafiri kama nanomita 40 kabla ya kugonga kitu. Ukiwa na waya wenye upana wa kiasi hicho, zinagonga kuta, na waya unapinga umeme kuliko shaba ileile ikiwa nene. Nikeli nayo usumaku wake hupenda kulala kufuata urefu wa waya.

Hapa Darmstadt kuna kituo kikubwa cha utafiti, GSI, kinachorusha ioni nzito, yaani atomi zenye chaji ya umeme, kwenye filamu ya plastiki. Kila ioni inaacha njia moja, na kostiki inaifanya iwe kitundu. Wanaweza kuuzima mwale baada ya ioni moja tu kupita, ukapata filamu yenye kitundu kimoja, na ndani yake waya mmoja. Mashine ya namna hiyo hatutaijenga Moshi. Lakini njia ya alumini inahitaji alumini safi, asidi, barafu, umeme usiokatika na mtu mwenye subira. Ndiyo maana nikimaliza nataka kwenda Arusha, pale Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, kuomba nafasi ya kuianzisha, na ndiyo maana namsisitiza Neema.

Nina ombi, Baba. Nitunzie vipande vya profaili, vya rangi ya fedha na vya kahawia, urefu wa kidole vinatosha, na uandike kila kimoja kimetoka kwa msambazaji gani. Krismasi nikija nitavichukua, nivikague huku kwa hadubini ya elektroni. Picha nitakutumia uwaonyeshe wateja wanaobisha bei.

Msalimieni Bibi wa Marangu, mwambieni sweta lake ndilo navaa. Msalimieni pia Shangazi na vijana wote wa karakana.

Mwanenu,
Elibariki