Kila Mtu Hulia na Lake

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Morogoro. Sisi hatujambo, mvua zimeanza. Mama yako ameniambia kwamba tangu uchumba wenu uvunjike, wenzako wa hosteli wanalalamika: usiku kucha unapiga nyimbo za kilio tu. Yeye anataka nikukanye. Nimemjibu kwamba nitakuandikia, ila sikumwambia nitaandika nini.

Mimi sioni ubaya.

Umewahi kukaa na akina mama msibani ukavisikiliza vile vilio? Anayeingia anaangua kilio mlangoni, anamtaja marehemu mara moja au mbili, halafu unamsikia anamlilia mdogo wake aliyezikwa miaka mingi iliyopita. Hakuna anayemshangaa. Msiba wa jirani umempa ruhusa ya kulia yaliyo yake, ambayo siku ya kawaida angeona haya kuyalilia mbele za watu. Wimbo wa huzuni nauona hivyohivyo. Mfiwa ni mwimbaji, wewe umekwenda kumpa pole tu. Hakuna anayekuuliza unalia nini, maana inajulikana kwamba unalia kwa ajili yake.

Angalia Remmy Ongala, mwanamuziki. Mzaliwa wa Kindu, Kongo, aliyekuja kuwa wetu kabisa Dar es Salaam. Wimbo wake "Nalilia Mwana" ni kilio cha aliyenyimwa mtoto. Katika "Kifo" anakisema kifo waziwazi, kana kwamba kimekaa mbele yake. Ukiyasoma maneno hayo karatasini utadhani watu waliyasikiliza wameinamisha vichwa. Thubutu! Magitaa ya Super Matimila, bendi yake, yalikuwa yanakimbia na ukumbi mzima unacheza. Wapo wanaosema hiyo ni kasoro, kwamba sisi hatusikilizi maneno. Nawakatalia. Mtu akiambiwa akae chini ahuzunike, hujikaza. Akiwa anacheza, maneno humwingia kabla hajajihami.

Na "Malaika" je? Fadhili William ndiye aliyeurekodi ukajulikana, Miriam Makeba akaufikisha mbali zaidi, na ubishi wa nani hasa aliutunga haujaisha, maana Adam Salim naye alitajwa kuwa ndiye mwenyewe. Mimi ubishi huo haunisumbui. Kinachonichekesha ni kwamba tunauimba harusini. Kijana anasema ampendaye hawezi kumwoa kwa kuwa hana mali, nasi tunamwimbia bwana harusi aliyemaliza mahari juzi! Wala tuni yake si ya kinyonge. Wazungu wana ngazi ya sauti wanayoipenda kwa mambo ya majonzi, wanaiita maina, lakini "Malaika" uko kwenye meja, humohumo zilimo nyimbo nyingi za furaha. Huzuni yake imo katika mwendo wa polepole na katika lile swali la nifanyeje. Hatuelezwi binti ni wa nani, wala kijana anakaa mtaa gani, wala mahari ilikuwa kiasi gani. Kwa hiyo kila aliyewahi kushindwa na jambo kwa sababu ya fedha anaingia mle bila kubisha hodi.

Umeniuliza siku moja kwa nini nyimbo hizi hazitoki kichwani. Sehemu moja ya jibu ni ufundi tu, na wewe uliyefundishwa ushairi sekondari unaujua: vina vinavyorudi, mizani minane kwa minane, kibwagizo kinachokungoja mwisho wa ubeti. Kilio cha kweli hakina mpangilio, kinakata pumzi. Mtunzi amekipanga, na kitu kilichopangwa kinabebeka.

Lakini sehemu kubwa haimo hata ndani ya wimbo. Mbaraka Mwinshehe, yule mpiga gitaa wa bendi ya Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, alikufa kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979. Mji huu ulikuwa umeshampoteza Salum Abdallah wa bendi ya Cuban Marimba mwaka 1965, naye kwa ajali ya gari. Alipokufa Mbaraka nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, na nchi ilikuwa vitani na Idi Amin. Mama mmoja jirani yetu alikuwa na kijana wake huko mbele vitani, kwa hiyo redio yake haikuzimwa, anangoja taarifa ya habari; na katikati ya taarifa moja na nyingine akipigwa Mbaraka, ananyamaza kabisa. Kijana alirudi salama, namshukuru Mungu. Ila hadi leo nikisikia gitaa lile, hata katika wimbo ambao haukuwa na huzuni yoyote ulipotungwa, namwona yule mama na redio yake. Mbaraka hakumjua. Sisi wasikilizaji ndio tuliouweka msiba mle, na hatuwezi kuutoa tena.

Naona hata wenye maabara wamelifikia hili. Mwaka 2014 Liila Taruffi na Stefan Koelsch, wa Berlin, walitangaza majibu ya watu 772 wa nchi mbalimbali waliowauliza muziki wa huzuni unawafanya wajisikieje. Jibu lililojirudia kuliko yote halikuwa huzuni yenyewe. Lilikuwa ile hamu ya mambo yaliyopita. Walisema pia kwamba unawafariji. Jirani yetu angewajibu vilevile bila kujaza fomu.

Sasa na upande wa mama yako, maana naye hakosei moja kwa moja. Wapo watu ambao hurudiarudia jambo moja kichwani, wakaligeuza huku na huku, na hao nyimbo hizi huweza kuwazidishia. Nakujua, una kidogo cha tabia hiyo, umeirithi kwangu. Alama ninayoitumia mimi ni hii: nikisha kulia, je, nasikia njaa? Nikisikia njaa, wimbo umefanya kazi yake. Nikitaka tu kuurudisha mwanzo, nauzima. Matanga yenyewe huanuliwa.

Kwa hiyo piga nyimbo zako, ila vaa spika za masikioni, wenzako wana mitihani. Na kama siku zinapita huli wala hulali, usimngoje mtu akuruhusu; mwone mshauri wa wanafunzi hapo chuoni, au panda basi la asubuhi uje nyumbani. Nauli nimeituma kwenye simu. Nitumie na majina ya hizo nyimbo zenu, nisikilize nione kama watoto wa siku hizi mnajua kulia. Mama yako asijue kwanza.

Ni mimi,
Baba yako