Neema, nijibu kabla ya Ijumaa

Shekilango, Jumapili usiku

Neema mpenzi,

Salamu nyingi, na mfikishie mama mkwe shikamoo yangu. Baba Junior hajambo? Junior meno yameshatoka? Najua umeninunia. Tangu nipande basi pale Nyegezi umepiga mara mbili sikupokea. Nisamehe mwenzangu. Nimefika Dar salama, kazi naanza tarehe moja, kwa sasa nipo gesti, na kila usiku ninaolala hapa ni hela inatoka. Nimeona nikuandikie kwa sababu jambo hili kwenye simu ningelia tu, na wewe ungelia, tusingeelewana.

Ni habari ya chumba. Ofisi iko Posta, karibu na sanamu ya Askari, kuingia ni saa moja na nusu asubuhi. Kwenye usaili waliniambia wazi kuwa miezi mitatu ya mwanzo ni ya kuangaliwa. Kuchelewa mara mbili tatu tu, basi. Ndiyo maana wiki nzima hii nimekuwa napima njia kwanza, kabla sijatoa hela ya kodi ya miezi 6.

Kimara Baruti nimepata chumba kizuri, luku yangu mwenyewe, mama mwenye nyumba mtu wa Bukoba, tumepatana siku ile ile. Ila usafiri! Jumanne nilifika kituo cha mwendokasi saa kumi na mbili kasoro. Mabasi yanatoka Kimara mwisho yameshajaa, yakifika Baruti unaona nyuso zimebanwa kwenye vioo. Nilipanda la tano, mguu mmoja chini ya mkoba wa mtu, hadi Magomeni sijajua kiatu changu kiko wapi. Jumatano dada mmoja akanifundisha kugeuza: unapanda linalorudi Kimara mwisho, ndipo unaanza nalo upya ukiwa umekaa. Nilikaa kweli, dirishani, lakini nilitoka ndani saa kumi na moja, giza totoro, peke yangu kwenye kichochoro kisicho na taa. Na kuna Jangwani. Wewe mwenyewe ulinihadithia Msimbazi ukifurika barabara ya Morogoro inafungwa. Masika ikija nikiwa bado naangaliwa, nitamweleza nini bosi?

Sasa Kigamboni. Ijumaa dalali alinipeleka. Chumba kiko uani, kuna mwarobaini, upepo wa bahari unaingia hadi kitandani. Shilingi 80,000 kwa mwezi, Kimara wanataka 120,000. Kutoka mlangoni hadi pantoni ni dakika kumi na tano kwa miguu. Nimekipenda Neema. Nilisimama pale uani nikasikia kitu kimetulia ndani yangu, mara ya kwanza tangu nije mji huu.

Jumamosi asubuhi nikavuka. Nililipa 200, nikasubiri pale bandani na watu wa mikungu ya ndizi, wanafunzi, baiskeli, mikokoteni. Geti lilipofunguliwa watu walikimbia, mimi miguu ikakataa. Niliingia wa mwisho, nikashika nguzo. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuangalia maboya yamewekwa wapi. Katikati tukasimama kupisha meli kubwa inayoingia bandarini, ukuta mzima wa chuma unapita mbele yetu, na watu wanaongea habari za mpira! Safari yenyewe haifiki dakika kumi. Lakini tulipokaribia ng'ambo, watu wakaanza kusogea wote mbele kabla mlango haujashuka, nikafumba macho. Maana mama mdogo na wenzake, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka kule Ukara, nao walikuwa wamebakiza mita chache tu. Watu wa Bwisya walikuwa wamesimama ufukweni wanawasubiri, wanawaona kwa macho. Tangu Septemba 2018 hilo ndilo linalomuua mama yangu, si umbali wa maji.

Nilishuka, nikatembea robo saa hadi Askari, nikaangalia saa. Kutoka mlango wa chumba hadi mlango wa ofisi, dakika hamsini na mbili, kusubiri kukiwemo. Jioni nikarudia kwa kuvuka tena, nikashika nguzo ile ile.

Mama nimemwambia nimepata chumba ng'ambo ya bahari. Akanyamaza. Kisha akauliza, "Huko ng'ambo unafikaje?" Nikasema kuna daraja. Si uongo, daraja lipo tangu 2016, mita 680, na leo nimelijaribu: daladala hadi Kurasini, foleni ya malori ya bandarini, halafu daladala nyingine hadi Posta. Saa moja na dakika ishirini, na leo ni Jumapili. Jumatatu itakuwaje? Mama akafurahi, akasema kumbe hata Dar wana daraja kama letu la Kigongo–Busisi, Mungu ni mwema. Unajua alivyoshangilia lile lilipofunguliwa mwaka 2025, utadhani amejengewa yeye peke yake. Sikuweza kuongeza neno.

Hapo kuna kitu nilikuficha. Harusi yako Nansio, nilikuambia mama hakuja kwa sababu ya presha. Haikuwa presha. Alishona kitenge, zawadi akafunga, tukafika naye hadi gatini Mwanza, meli ikapiga honi, akakaa chini kwenye sakafu. Nikamrudisha nyumbani, mimi nikavuka kesho yake. Aliniomba nisikuambie, aliona aibu kwako. Hadi leo hajavuka maji. Kaburi la dada yake hajaliona tangu matanga.

Kwa hiyo unaona ninachokuomba. Nenda Kirumba ukakae na mama. Usiende na haraka, nenda mchana akiwa anachambua dagaa, umsaidie. Mwambie ukweli, kwamba binti yako atakuwa anapanda pantoni. Wewe umekaa Mjimwema kwa shangazi yako miaka miwili, umevuka kwenda chuo na kurudi, uko hai, una mtoto. Akisikia kwangu ataona ni ubishi wa kijana. Akisikia kwako atauliza maswali, na akianza kuuliza maswali ujue ameanza kukubali. Akikataa kabisa, nitachukua Kimara na nitageuza kila alfajiri, sitamfanya akose usingizi kwa shilingi 40,000. Lakini sitaki kumdanganya kila siku anaponiuliza umefikaje.



Sasa niambie wewe uliyekaa. Pantoni moja ikienda matengenezo foleni inakuwaje, ulikuwa unatoka saa ngapi? Wakati wa upepo mkali ilikuwa inayumba au pale mlangoni mwa bandari maji yametulia? Ulikuwa unasimama wapi, juu au chini? Usiku baada ya saa tatu bado unavuka bila wasiwasi? Maji ya kisima cha Kigamboni yana chumvi ya kuharibu nguo, au inategemea mtaa? Na ulizoea baada ya muda gani? Hilo ndilo hasa nataka kujua. Kulikuwa na asubuhi moja ukapanda bila kuangalia maboya, au uliyaangalia hadi siku ya mwisho?

Dalali anataka jibu Ijumaa saa nne. Ukishatoka kwa mama, hata kama ni usiku, nipigie. Safari hii nitapokea.

Wako,
Eliza