Barua kwa Mwanangu Mwalimu

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka hapa Bombo. Sisi hatujambo, ila goti la mama yako bado linamsumbua. Barua yako niliipata juzi, nawe unataka kujua uanzie wapi utakapowafundisha watoto wa darasa la tano habari za viumbe walio hatarini kutoweka.

Umepanga kuanza na gorila wa msitu wa Bwindi. Si vibaya, kwa kuwa gorila wa milimani wameongezeka hata mwaka 2018 wakapunguziwa daraja la hatari. Lakini ni wangapi kati ya wanafunzi wako huko Kabale waliowahi kumwona? Mimi ningeanza na korongo taji, yule ngaali aliyesimama katika bendera yetu ya Uganda tangu 1962 akiwa ameinua mguu mmoja, ambaye naye yumo hatarini ingawa watoto humwona karibu kila siku na kwa hiyo hudhani hawezi kwisha. Mara nyingi hutaga mayai mawili au matatu tu, katika kiota cha majani yaliyolazwa juu ya maji. Bonde la mafunjo likikaushwa ili walime viazi, hana pengine pa kutagia.

Nikueleze jambo ambalo sikuwahi kukwambia. Nilipokuwa na umri wao nilimkamata kifaranga wa ngaali bondeni, nikamfunga mguu kwa ukambaa wa mgomba nyuma ya jiko, nikawa namlisha posho. Wazazi wake walilia kule mafunjoni siku mbili mfululizo, sauti ile nzito inayofika mbali, na siku ya tatu nikamkuta amelala ubavu, mdomo wazi, sisimizi wameshamwingia machoni. Nilimzika kabla baba hajaamka. Ukiona inafaa, wasimulie, usifiche kwamba ni babu yao aliyefanya hivyo, kwa sababu mtoto akiambiwa tu kuwa tumekabidhiwa viumbe vya Mungu ataitikia “ndiyo mwalimu” na kusahau kabla ya kengele.

Kisha watume wakawaulize wazee wao bonde lilikuwa linafika wapi zamani, halafu mwende mkapime kwa hatua. Msikaribie kiota, tazameni mkiwa njiani. Mabuti yangu ya mpira nitakutumia kwa basi la Ijumaa.

Baba yako