Waombaji wa udaktari Marekani wasifiche nia ya kusoma shahada mbili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie ushauri ambao sisi wazazi wa Afrika Mashariki tunaoishi Marekani tumekuwa tukiwapa watoto wetu wanaoomba kuingia vyuo vya udaktari, na ambao nyumbani kwangu umeleta hasara. Ushauri wenyewe ni kwamba kijana anayetamani kusoma udaktari wa tiba pamoja na shahada nyingine, iwe ya uzamivu katika sayansi, ya uzamili wa afya ya umma au ya usimamizi wa biashara, asiitaje nia hiyo hadi awe amekwisha kupokelewa, kwa kuwa kamati ya udahili itamwona ni mtu asiyejua anachokitaka.

Mimi ni muuguzi katika mji wa Columbus, jimbo la Ohio. Binti yangu alipomaliza shahada ya kwanza alikuwa amefanya kazi miaka miwili katika maabara inayochunguza kinga ya mwili, na alipenda utafiti kama alivyopenda kuwahudumia wagonjwa. Mshauri mmoja wa masomo alimwambia anyamaze kuhusu utafiti. Nami nilimuunga mkono mshauri huyo, kwa sababu niliogopa kusikia kwamba mwanangu angekaa darasani hadi akaribie umri wa miaka 30, na nilidhani kuwa shahada ya pili ingeweza kuongezwa baadaye kama mtu aongezavyo chumba nyuma ya nyumba. Akaomba udaktari peke yake, akapokelewa. Mwaka wa pili alipotaka kuhamia katika programu ya shahada mbili aliambiwa kwamba nafasi za wanafunzi waliokwisha kuingia ni chache na mwaka ule zilikuwa zimejaa. Anaendelea kusoma kwa mkopo, ilhali wenzake wa programu ile hawalipi ada.

Kwa wasomaji walioko nyumbani, ambako kijana huingia udaktari moja kwa moja kutoka shule ya sekondari, nieleze kidogo. Marekani udaktari wa tiba husomwa kwa miaka 4 baada ya shahada ya kwanza, na maombi ya vyuo vingi hupitia mfumo mmoja uitwao AMCAS. Fomu ya mfumo huo humtaka mwombaji aonyeshe, kwa kila chuo anachokiomba, kama anataka udaktari wa kawaida au udaktari pamoja na uzamivu. Wote huandika insha isiyozidi herufi 5,300 ya kueleza kwa nini wanataka kuwa madaktari. Anayetaka uzamivu huandika nyingine mbili, moja ya herufi 3,000 juu ya sababu ya kuziunganisha shahada hizo, na ya pili, inayoweza kufika herufi 10,000, juu ya utafiti alioufanya, wapi, chini ya nani, na alipata nini. Kwa hiyo, kwa upande wa uzamivu, kutaja nia ndiko kuomba kwenyewe. Aliyeificha hakujilinda na lolote, hakuomba tu. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na sijaona mahali methali hiyo inapokaa vizuri kuliko hapa.

Fedha nazo zina uzito wake. Tangu mwaka 1964 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zimekuwa zikitoa ruzuku kwa vyuo vinavyowaandaa madaktari watafiti, na katika programu hizo mwanafunzi kwa kawaida hulipiwa ada na kupewa posho ya kuishi kwa muda wote wa masomo, ambao mara nyingi ni miaka 7 au 8: husoma udaktari miaka ya mwanzo, huingia maabara hadi aandike tasnifu, kisha hurudi wodini kumalizia. Ruzuku ya serikali ni kwa raia na wenye ukaazi wa kudumu peke yao. Kijana aliyekuja kwa viza ya mwanafunzi kutoka Mombasa au Mwanza anapaswa kukiuliza chuo, kabla ya kulipa ada ya maombi, kama kina fedha zake chenyewe za kumgharamia mgeni, kwa maana vipo vinavyofanya hivyo na vipo visivyofanya.

Afya ya umma na biashara ni habari nyingine. Vyuo vingi humwacha mwanafunzi aombe shahada hizo akiwa tayari ndani, mara nyingi katika mwaka wa pili au wa tatu, na akaongeza mwaka mmoja wa masomo. Vichache, kama Chuo Kikuu cha Miami katika programu yake ya miaka 4 ya udaktari na afya ya umma, huchagua wanafunzi hao tangu mwanzo. Pale ambapo mlango uko ndani, kijana asiyeitaja nia yake hajamdanganya mtu. Hata hivyo, kama aliwahi kupita nyumba kwa nyumba akihamasisha chanjo, au kuwakalimania akina mama wa Kikongo katika kliniki ya wajawazito, na hapo ndipo alipotambua kuwa dawa peke yake haitoshi, sioni kwa nini aifiche habari hiyo, kwa kuwa ndiyo inayoeleza anautaka udaktari wa namna gani.

Sikatai kwamba hofu ya wazazi wenzangu ina asili yake. Mtu anayetaja shahada tatu katika aya moja, bila kazi yoyote ya kuzithibitisha, huonekana kweli kama hajatulia. Nimewaona pia vijana wanaojitia kupenda utafiti kwa sababu wamesikia kuwa ada ni bure, na ningewasihi waache, kwa sababu insha ile ndefu na barua za wasimamizi wa maabara huonyesha haraka nani alikaa na jaribio lililoshindikana mara kumi na nani alipita tu. Kinachohitajika ni kusema kile ambacho matendo ya kijana yanaweza kukibeba, na kukisema kwa namna ileile katika fomu, katika maswali ya ziada ya kila chuo na mbele ya wasaili.

Kuna swali moja ambalo sisi hatukuliuliza, na ambalo lingeniondolea hofu: je, mwombaji akikataliwa katika programu ya shahada mbili, maombi yake yataangaliwa kwa udaktari wa kawaida? Vyuo vingi hujibu ndiyo, baadhi hujibu hapana, na ofisi ya udahili ya kila chuo hulijibu kwa simu au kwa barua pepe bila malipo. Mdogo wake binti yangu anajaza fomu mwaka huu. Tumekwisha kuwaandikia wote.

Mzazi na muuguzi,
Columbus, Ohio